Mitungi Tisa ya Mayu Minza

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Kituo chetu cha Dawa za Kupaka kilipoteza lita 46 za jeli ya neng'oneng'o. Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni, kinampoteza aliyeitengeneza. Bibi Minza Mayige, Mchanganyaji Mkuu, anastaafu kwa mujibu wa sheria akiwa ametimiza miaka 60, baada ya utumishi wa miaka 30 na miezi 11. Kwenye kadi za mwaliko wameandika miaka 31. Si kweli. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1994 na hesabu ni hiyo. Mtu ambaye Ofisi imemwekea kwenye jalada kosa asilolifanya hahitaji kuongezewa na mwezi asioufanyia kazi.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya Jarida la Watumishi, wakasisitiza uwe mchangamfu. Nitajaribu. Mayu Minza mwenyewe ni mtu wa kucheka (mayu ni mama kwa Kisukuma, na hapa kituoni hakuna anayemwita vingine, hata sisi tusio Wasukuma). Alipojua ni mimi ninayeandika alinifuata stoo akaniambia, "Salimu, uandike mazuri tu." Nikamjibu nitaandika ya kweli, na mazuri yatakuwa mengi humo. Akaniangalia kama anavyoangalia chupa dirishani, akaenda zake.

Tuanze na mazuri.

Mayu alizaliwa Sapiwi, binti wa nne wa mfugaji, akasoma hadi darasa la saba. Alipokuja hapa Bariadi mkoa ulikuwa bado Shinyanga, na Kituo kilikuwa vyumba vitatu na banda la kuanikia mizizi. Aliajiriwa kufagia. Siku ya tatu akamwendea mkuu wa Kituo wa wakati huo, marehemu Mzee Mboje, akamwambia magunia mawili ya unga wa mizizi yamebadilishiwa majina. Mzee Mboje hakuwa mtu wa kuambiwa na mfagizi. Akamfunga kitambaa machoni mbele ya watumishi wote, akaagiza yaletwe magunia kumi na mawili, moja baada ya jingine. Mayu akanusa, akayataja yote kumi na mawili, na la tisa akaongeza kwamba limenyeshewa. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mfagizi tutapata mwingine," alisema. "Pua hii hatupati." Ijumaa ya wiki ile ufagio ukakabidhiwa mtu mwingine.

Dawa aliyoitumikia kuliko zote ni neng'oneng'o, ule mti mdogo wa maua ya zambarau ambao mzizi wake ukiuvunja unanuka kama dawa ya kuchua ya dukani. Wazee wa huku wameutumia kwa magoti na viuno tangu zamani. Shida yake pia wanaijua: ukiunywa kupita kiasi ni sumu, na kiasi chenyewe kila mganga ana chake. Ukiupaka, harufu inapanda puani na dawa inabaki nje ya ngozi. Kazi ya Kituo hiki kwa miaka yote imekuwa kutafuta namna ya kuivusha.

Mayu ana utaratibu wake wa kuuchimba. Anachimba upande jua linapochomoza na upande linapozama. Kaskazini na kusini haugusi mzizi hata mmoja. Akimaliza anarudisha udongo, anaushindilia kwa kisigino, na mti huo unapumzika misimu mitatu. Tena anachimba Juni hadi Agosti tu, mti ukiwa umelala. Mtafiti mmoja mgeni aliwahi kumwuliza kama hiyo ni imani au ni sayansi. "Baba," Mayu alimjibu, "wewe ukikamua, unamaliza chuchu zote nne mpaka ndama afe?" Mwaka 2003 tulihesabu miti 212 kwenye eneo letu la hifadhi. Mwezi uliopita nimeihesabu mwenyewe, nimepata 207. Miaka 22, miti mitano. Mmoja ulipigwa na radi, kwa hiyo huo Ofisi isimwandikie barua.

Mwaka 2016 alikuja mtafiti wetu, Daktari Asumini, na habari za nano. Kwa wenzetu wa uhasibu na madereva: nanomita ni mita moja uliyoigawa mara bilioni. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Wazo lilikuwa kuyavunja mafuta yaliyobeba dawa yawe matone yasiyofika nanomita 100, yatulie ndani ya maji bila kujitenga, kisha yapenye ngozi yafike panapouma bila kupita tumboni. Mafuta ya kubebea dawa ni ya mbegu za pamba, hizihizi zetu.

Majaribio 23 ya kwanza yote yalishindikana. Jioni mchanganyiko unapendeza, asubuhi mafuta juu, maji chini. Daktari Asumini alikuwa na mashine ya kukoroga, mizunguko 10,000 kwa dakika. Iliungua mara nne na mara zote nne niliifufua mimi, kwa hiyo naijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Mayu alikuwa anaanika mizizi nje ya dirisha, anatazama tu. Jaribio la 23 lilipojitenga akashindwa kuvumilia, akaingiza kichwa dirishani.

"Daktari mwanangu, unaitikisa kama mtu anayetaka siagi. Na siagi umeipata."

Alijua anachokisema. Amesukasuka maziwa kwenye kibuyu tangu ana miaka saba. Anayejua namna ya kuyatoa mafuta kwenye maziwa anajua pia namna ya kuyazuia yasitoke: usiyape joto ghafla, usiyape baridi ghafla, usimwage kwa pupa. Jaribio la 24 alilishika yeye. Mafuta na kiungo cha soya cha kuyashikanisha na maji chini, maji juu yake tone kwa tone, dakika 40, mkono hautetemeki, mashine imezimwa. Kisha akainua chupa dirishani kwenye jua la asubuhi, akafinya jicho moja. "Imekubali," akasema. "Ina moshi." Na kweli, ndani ya chupa kulikuwa na ubuluu wa mbali, kama moshi wa jikoni unapokatiza kwenye mwanga. Sampuli ikapanda basi kwenda Mwanza kwenye mashine ya kupima matone. Jibu likarudi: nanomita 96.

Tangu siku hiyo hakuna chupa iliyotoka hapa kabla ya kupitishwa kwenye dirisha la Mayu. Daftari langu la stoo linaonyesha sampuli 61 alizozipitisha yeye kwanza ndipo zikaenda Mwanza. Alipatia 58. Zile tatu anasema kioo kilikuwa kichafu. Nilifuatilia. Moja ni kweli.

Sasa mitungi, maana ndiyo kiini cha habari.

Jeli hii inataka kukaa kati ya nyuzi 20 na 28, bila kuyumba. Umeme wetu mnaujua. Februari mwaka huu peke yake nimeandika kukatika mara 19. Kwa sababu hiyo mwaka jana Mayu alikwenda kwa wafinyanzi, akanunua mitungi mikubwa tisa. Akaipanga kwenye sanduku la mchanga chini ya banda, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, na chupa za kioo cha kahawia zinakaa ndani ya mitungi. Nilicheka. Nikatia kipimajoto ndani ili nimwonyeshe namba zake mbaya. Miezi mitano: juu kabisa nyuzi 26, chini kabisa 22. Nikaacha kucheka. Mimi nilianza maisha kwa kuziba pancha za baiskeli Dutwa, chuo sijakanyaga, na hata kusoma hicho kipimajoto nilifundishwa na yeye, mwanamke wa darasa la saba. Kila chupa aliifunga shingoni kitambaa cha pamba, na juu yake aliandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: ISIGANDE.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikuwa na watu 184 kwenye majaribio ya wiki 12, wote wenye magoti yanayouma: Dutwa 71, Sapiwi 64, Ngulyati 49. Wapo waliokuwa hawataki. Kupakwa kitu cha maabara usichokiona kwa macho, kinachoingia ndani ya mwili, si jambo la kukubaliwa hivihivi vijijini. Mayu alizunguka kaya kwa kaya. Nilimwendesha kwa pikipiki siku ya kwanza Sapiwi, kwa hiyo hili nililisikia. Bibi Kwandu, jirani yake wa utotoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele.

"Mwangaluka, Kwandu," Mayu alimwamkia.

"Mwangaluka. Umeniletea uchawi wa mjini?"

"Nimekuletea vifaranga." Akamwonyesha boma la miiba la ng'ombe wake. "Ile miiba, ng'ombe anapita?"

"Apite wapi."

"Kuku je?"

"Hapiti."

"Kifaranga?"

"Huyo anapita, ndiyo maana mwewe anatusumbua."

"Basi ngozi yako ndiyo hilo boma. Dawa ya zamani ilikuwa ng'ombe, inagonga miiba inarudi. Sisi tumeigeuza vifaranga."

Bibi Kwandu akafikiri kwanza. "Sawa," akasema. "Lakini wasije wakaninyea humo ndani." Akanyoosha goti lipakwe. Wiki ya tano alikamua ng'ombe wake mwenyewe, amechuchumaa, mara ya kwanza kwa miaka minne. Sisemi ni dawa peke yake iliyofanya hivyo. Kusema hivyo kunataka majaribio yaishe, na hayakuisha.

Ijumaa tarehe 7 Machi tuliambiwa Jumanne tutatembelewa na wageni wanaotaka kufadhili awamu ya pili. Meneja wetu, Ndugu Joakim, ambaye wakati huo alikuwa na miezi 14 hapa, alikagua mazingira akafika kwenye banda. Tulikuwa watu watano na wote tulisikia. "Hii mitungi na huu mchanga," alisema, "wageni watasema hapa tunapika gongo." Tukacheka, mimi nikiwemo. Yeye hakuwa anatania.

Jumatatu tarehe 10 Mayu alikuwa Sapiwi kwenye zamu yake ya kukagua washiriki. Mimi nilitumwa Ngulyati kuchukua viti na turubai. Kabla sijaondoka Meneja aliniomba ufunguo wa friza ya stoo. Ilikuwa chungu cha tisa cha Ramadhani, nina swaumu na haraka, nikampa bila kuuliza ni wa nini. Kosa hilo ni langu. Wakitaka kuniandikia barua kwa hilo waniandikie, nitaipokea.

Saa tisa alasiri chupa 46 zilitolewa kwenye mitungi na kuingizwa kwenye friza. Aliyezibeba ni Scola, mhudumu wetu wa ofisi, kwa kuagizwa. Ameniruhusu niandike jina lake na maneno yake kama alivyoyasema. "Nilimwambia, Bosi, mayu ameandika isigande. Akaniambia, 'Scola, umekuwa daktari lini?' Nikazipanga. Vile vitambaa akasema nivitoe, vinaonekana kama hirizi." Vitambaa vyote 46 Scola hakuvitupa. Vipo kwenye bahasha, na bahasha ipo kwenye kabati langu.

Nataka niwe wa haki. Kwa mtu wa ofisini, dawa na baridi ni ndugu. Chanjo zinakaa kwenye friji, naye akaona anaokoa mali. Kutojua si dhambi. Lakini chupa 46 zilikuwa zimeandikwa mara 46.

Friza ina kipimajoto kinachojiandikia kila robo saa. Karatasi ninayo. Jumatatu saa tisa na robo alasiri, nyuzi 11. Saa kumi na mbili jioni, sifuri. Jumanne saa mbili asubuhi, nyuzi 14 chini ya sifuri. Saa mbili hiyohiyo zikatolewa zipangwe juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Tatu zilikuwa zimepasuka. Zile 43 zikaanza kuyeyuka taratibu mbele ya maua ya plastiki.

Saa nne na dakika kumi mgeni mmoja, mama wa makamo, aliinua chupa kwenye mwanga akauliza, kwa upole kabisa, dawa ni ipi, ile ya juu au ile ya chini.

Mayu Minza alikuwa amesimama nyuma na sare yake iliyopigwa pasi. Akapita katikati ya watu, akachukua chupa, akaipeleka dirishani, akafinya jicho. Akairudisha mezani. Akachukua ya pili. Wageni walipelekwa kunywa soda, yeye akaendelea. Alizipitisha dirishani zote 43, moja moja, ingawa ya kwanza ilikuwa imeshamwambia kila kitu. Alipomaliza alisema maneno mawili: "Imekuwa siagi."

Sampuli ya Februari ilipimwa Mwanza nanomita 84. Sampuli ya 11 Machi: 3,150. Ni mara 37 na nusu. Hao si vifaranga tena, hao ni ng'ombe na pembe zao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitengeneze nyingine. Hesabu hii hapa. Zilibaki wiki tano, siku 35, watu 184, mililita saba kwa siku: lita 45 na mililita 80. Tulikuwa na 46. Mayu alikuwa amepiga mahesabu hayo tangu Agosti iliyopita, kwa mizizi, si kwa kalamu, na akabakiza chini ya lita moja ya akiba. Mizizi mingine isingechimbwa mpaka Juni. Kanuni za majaribio zinasema mshiriki akikosa dawa siku 14 anaondolewa. Tarehe 25 Machi tukawaondoa wote. Wiki saba za watu 184 zimekwenda, na kazi ya Daktari Asumini ya miaka tisa imebaki na nusu ya jibu.

Na sasa barua.

Tarehe 24 Machi Mayu Minza aliitwa ofisini akapewa onyo la maandishi, miezi mitatu na siku sita kabla ya kustaafu. Linasema jeli iliharibika "kutokana na uzembe wa mchanganyaji kutofuata taratibu za uhifadhi baridi". Nimeona pia muhtasari wa kikao, maana mimi ndiye ninayetoa nakala kwenye mashine. Fungu la sita linasomeka: "Mtumishi alipokea barua kwa mikono miwili, akapiga goti na kushukuru, ishara kwamba amekiri kosa."

Nimekaa na sentensi hiyo miezi mitatu na bado inanichoma.

Ndugu zangu, mimi si Msukuma, lakini nimezaliwa Bariadi na nina macho. Mwanamke aliyelelewa na wazazi Sapiwi akipewa kitu na mkubwa wa kazi, anapokea kwa mikono miwili, anakunja goti, anasema wabeja, yaani asante. Akipewa chumvi, wabeja. Akipewa kiti, wabeja. Mwezi huohuo nilimpa mimi, mdogo wake kwa miaka 14, misumari nusu kilo ya kutengenezea kuku banda, akakunja goti akasema wabeja. Alikiri nini, misumari? Angepewa karatasi ya kufukuzwa angeipokea vilevile, kwa sababu adabu yake haitegemei adabu ya anayempa. Meneja amekaa mkoa huu muda wa kutosha kuamkiwa hivyo kila asubuhi. Heshima akaipokea kila asubuhi kama haki yake, na siku ya 24 Machi akaiandika kama ushahidi.

Kama lingeishia kwenye jalada, labda ningenyamaza kama wengine. Halikuishia. Jumamosi tarehe 29 Machi gari la Kituo lilienda na spika kwenye mnada wa ng'ombe Sapiwi, watu wamejaa, likatangaza mara tatu kwamba dawa ya magoti imesitishwa kwa sababu "mtumishi wetu mchanganyaji" ameiharibu kwa uzembe. Jina halikutajwa. Sapiwi ina mchanganyaji mmoja.

Wengine wakistaafu wanahamia Mwanza au Dar kwa watoto. Mayu Minza anarudi Sapiwi. Nyumba yake iko hatua 400 kutoka kwa Bibi Kwandu. Nimezipima kwa miguu yangu. Bombani wanasema hakuiharibu, aliiuza mjini. Mtoto wa Bibi Kwandu alimuuliza mbele za watu, "Mayu, goti la mama yangu umepata shilingi ngapi?" Bibi Kwandu mwenyewe amerudi kwenye kigoda, na akimwona Minza anapita anageuza uso upande wa boma. Marafiki wa miaka hamsini na kitu.

Niwaambie alichofanya. Mwezi wa Aprili, likizo yake ya mwisho, alizunguka kwa baiskeli kaya zote 64 za Sapiwi zilizokuwa kwenye majaribio. Siku 11. Kila mlango alisema dawa imeharibika, hataleta nyingine mwaka huu, wasinywe mizizi yenyewe kwa hasira kwa sababu itawaua. Hakumtaja mtu. Nilimuuliza kwa nini. "Nikisema ni fulani," alinijibu, "watasema mwizi ameongeza na uongo. Waliotangaza ndio wanaoweza kutangua." Kaya 64, hakuna hata moja iliyokunywa mizizi. Hiyo nayo ingeingia kwenye jalada lake, kama jalada lingekuwa linapokea mambo ya kweli.

Basi tunamshukuru. Tunamshukuru kwa pua yake, kwa jicho lake moja la dirishani, kwa miti 207. Amefundisha wachanganyaji wanne. Wawili sasa wanafika chini ya nanomita 100, na mmoja wao, Specioza, juzi alifika 88 bila mashine. Anatuachia mitungi tisa. Ilikuwa imefichwa nyuma ya jenereta tangu siku ya wageni, nimeirudisha kwenye mchanga kwa mikono yangu, haujapasuka hata mmoja. Mizizi ya msimu huu imeshaanza kuchimbwa, mashariki na magharibi, na Daktari Asumini ameomba kibali cha kuanza upya. Tatizo ni moja: tulipopita Sapiwi wiki iliyopita kuandikisha watu, kati ya wale 64 wamekubali watatu. Wengine wamesema hawapakwi kitu na Kituo chenye wezi. Dutwa wamesikia, Ngulyati wameanza kusikia. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hili ni la Mayu peke yake.

Nimedokezwa pia kwamba zawadi ya Kituo Jumatatu ni jokofu. Ameshaambiwa. Alicheka sana, akasema ataliwekea viatu.

Mayu wetu, uende salama nyumbani, goti lako lisiume, ng'ombe wako wajaze kibuyu, na kila mlango wa Sapiwi ukufungukie kama ulivyokuwa unakufungukia. Hilo la mwisho si la kuombewa tu. Kuna mtu anayeweza kulitimiza, na anasoma jarida hili.

Ndugu Meneja, karatasi ya friza, vitambaa 46, majibu mawili ya Mwanza na maelezo ya Scola aliyoyatia sahihi vimo kwenye jalada moja stoo kwangu, na nakala ziko kwa Daktari Asumini. Sikuombi maelezo marefu, wala kikao. Naomba majibu ya maswali matatu, kwa maandishi, kwenye ubao wa matangazo ambapo ukurasa huu umebandikwa. Nani aliagiza chupa ziingizwe kwenye friza? Barua ya tarehe 24 Machi inafutwa, ndiyo au hapana? Na gari lilelile, spika ileile, litarudi kwenye mnada wa Sapiwi Jumamosi hii tarehe 28, litangaze mara tatu kwamba Minza Mayige hakuharibu dawa ya mtu, ndiyo au hapana?

Sherehe ni Jumatatu saa nane mchana. Jibu nalitaka Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, saa sita kamili mchana, kabla sijaenda msikitini. Nitakuwa nimesimama mbele ya ubao.

Salimu Kulwa
Fundi Mitambo na Mtunza Stoo
Bariadi, 25 Juni 2025